Kumshauri Kijana Bila Kumwamulia

Wahenga walinena kwamba penye wazee haliharibiki neno. Mimi nimekuwa mzee sasa, nimeivuka miaka sabini, na kadiri ninavyozidi kukikalia kiti hicho ndivyo ninavyozidi kuiogopa methali hiyo. Nimeona maneno mengi yakiharibika mbele ya wazee, na mengine yakiharibiwa na wazee wenyewe. Moja katika hayo nililiharibu mimi, kwa kalamu yangu, mezani kwangu, nikiwa mwalimu mkuu. Nitalieleza mbele. Kwanza nieleze jambo lililonifanya nilikumbuke.

Mjukuu wangu, binti wa mwanangu wa pili, alimaliza kidato cha nne katika moja ya hizi sekondari za kata zilizojengwa kwa wingi nchini kuanzia mwaka 2004. Matokeo yalipotoka alikuwa amepata daraja la tatu. Kwa mtoto aliyekuwa akisoma usiku kwa mwanga wa kitochi, kisha alfajiri akaenda kuchota maji kabla ya shule, daraja la tatu si haba. Jioni moja baba yake, ambaye ni mkulima wa pamba na choroko hapa Nkoma, alinijia chini ya mkwaju ninapopumzikia. Akaketi, tukasalimiana, tukazungumza habari za mvua, kisha akasema: "Mzee, mambo ya shule unayajua wewe. Mimi nina ng'ombe wawili wa kupeleka mnadani, basi. Amua wewe aende wapi, nasi tutafuata."

Vyuo vilivyokuwa mbele yetu vilikuwa viwili. Cha kwanza ni Chuo cha Ualimu Bunda, katika mkoa jirani wa Mara. Kutoka kwetu mtu hupanda gari hadi Bariadi, akashuka kwa barabara ya lami hadi Lamadi, akaikuta barabara kuu ya kwenda Musoma. Cha pili ni Chuo cha Maendeleo ya Wananchi Malampaka, wilayani Maswa, katika mkoa wetu huu wa Simiyu, karibu na reli ya kwenda Mwanza. Huko binti alitaka kusomea umeme wa majumbani.

Ndugu msomaji, kama hukupata kuvifahamu vyuo hivi vya maendeleo ya wananchi, historia yake ni njema. Serikali ilivianzisha mwaka 1975 kwa msaada wa Sweden, na jumla yake ni zaidi ya hamsini nchi nzima. Wasweden nao walilipata wazo hilo kwa jirani zao wa Denmark, ambako shule ya kwanza ya namna hiyo ilifunguliwa Rødding mwaka 1844 kutokana na mafundisho ya Grundtvig. Mzee huyo alishika imani kwamba mtoto wa mkulima anastahili kusoma bila kulazimika kuacha kuwa mtoto wa mkulima. Kwa hiyo vyuo hivi hufundisha useremala, uashi, ushonaji, kilimo, umeme na stadi nyingine za kumfaa mtu pale alipo. Aghalabu wasomi wetu wamevidharau, wakiviona kuwa vyuo vya waliokosa. Nami nilikuwa mmoja wao, ingawa sikulisema hilo hadharani.

Maana mimi ni mwalimu. Nilisomea Butimba, Mwanza, miaka ya 1971 na 1972. Siku ile niliyopewa cheti nilijua ya kuwa nitapangiwa shule, nitapewa darasa, na mwisho wa mwezi nitapata mshahara. Sikuandika barua ya kuomba kazi hata moja katika maisha yangu. Nilivaa suruali iliyopigwa pasi ya mkaa, nikaingia darasani, na watoto sabini wakasimama. Asiyepata kusimamiwa na watoto sabini hawezi kujua jinsi jambo hilo linavyomwingia mtu mwilini. Kwa hiyo mwanangu aliposema "amua wewe", moyo wangu ulikwisha kuamua kabla hajamaliza kusema. Bunda.

Lakini usiku ule sikulala vizuri, kwa sababu nilimkumbuka fundi cherehani.

Baada ya Azimio la Musoma la Novemba 1974, taifa liliazimia kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto aliyefikia umri wa kusoma awe ameandikishwa shule. Lilikuwa azimio kubwa na la haki, na sitalitukana leo. Lakini walimu hawakutosha. Ndipo vijana waliomaliza darasa la saba walipochukuliwa kwa maelfu wakafunzwa ualimu humo humo vijijini, wakifundisha huku wao wenyewe wakisoma kwa masomo ya posta na vipindi vya redio. Wakati huo nilikuwa mwalimu mkuu kijana wa shule moja katika wilaya iliyoitwa Bariadi, kabla ya sehemu yetu kuwa Itilima na kabla ya mkoa wa Simiyu kuundwa mwaka 2012. Nikatakiwa kutoa majina.

Kulikuwa na kijana mmoja hodari wa hesabu kuliko wote. Yeye hakupenda ualimu. Alipenda kushona. Kila siku ya gulio alikuwa akisimama nyuma ya fundi mmoja, akimvutia nguo inapopita chini ya sindano, na fundi akienda kula, yeye huketi akashona. Nililijua hilo. Kijiji kizima kililijua. Hata hivyo niliandika jina lake la kwanza kabisa kwenye orodha. Nilijiambia kwamba namwinua. Sikumwita kumwuliza. Baba yake nilimwambia baada ya orodha kwenda, naye akashukuru sana.

Kijana yule alifundisha miaka tisa. Hesabu alizijua, lakini alikuwa na hasira, na watoto walimwogopa. Nilisikia kwamba fimbo haikumtoka mkononi. Kisha akaacha kazi. Miaka mingi baadaye nilikwenda Bariadi kutafuta suruali, nikaelekezwa kwa fundi mmoja sokoni, nikamkuta ni yeye. Alinisalimu kwa heshima: "Shikamoo, Mwalimu." Akanipima kiuno, akanipima urefu wa mguu, akaandika tarakimu zake kwenye kipande cha karatasi. Halafu akasema, bila kuinua sauti wala kuinua macho: "Mwalimu, wewe uliniandika. Hukuniuliza." Hakuongeza neno. Nilipoirudia suruali ilikuwa imeshonwa vizuri. Akapokea hela yake, akanirudishia chenji.

Maneno yale matatu nimeishi nayo. Na si yule kijana tu niliyemkosea. Wako watoto waliosoma kwake miaka tisa ile, ambao walipigwa kwa sababu ya orodha yangu.

Kwa hiyo asubuhi ile niliamua kwamba safari hii sitamwandika mtu. Niliona nimeokoka. Nilijiona mzee mwenye busara ambaye amejifunza kutokana na makosa yake. Binti alipokuja na uji wangu, akapiga goti, akasema: "Shikamoo, babu," nikaitikia marahaba. Akabaki pale amesimama. Kisha akauliza: "Babu, ingekuwa wewe, ungechagua chuo kipi?"

Nikamjibu: "Maisha ni yako, mjukuu wangu. Mimi siwezi kukuchagulia. Chagua mwenyewe."

Akasema, "Haya, babu," akachukua ndoo, akaenda zake kisimani. Siku mbili hakuniletea uji. Aliuleta mdogo wake.

Mke wangu, ambaye hakupita darasa la nne lakini amenisahihisha mara nyingi kuliko wakaguzi wote wa shule, aliniambia jioni ya siku ya pili: "Mwalimu, mtoto amekuja kukuomba maji ya kunywa, wewe umemwonyesha mto ulipo. Amelia jikoni. Anasema babu hataki kujisumbua na mambo yake."

Naam, hapo ndipo nilipotambua kwamba swali ni gumu kuliko nilivyodhani. Nilidhani kuna njia mbili tu: kumwamulia kijana au kumwachia. Nilikuwa nimeifuata ya kwanza miaka ya sabini nikamkosea mtu. Sasa nilikuwa nimeifuata ya pili nikamkosea mwingine. Je, mzee afanye nini?

Katika vitabu vyangu vichache nilipata kusoma habari ya mwanafalsafa wa Ufaransa, Jean-Paul Sartre. Mwaka 1945, vita kuu ya pili ilipokuwa imekwisha, alitoa mhadhara mjini Paris, akasimulia habari ya mwanafunzi wake. Kijana huyo alifiwa na kaka yake vitani mwaka 1940. Mama yake alikuwa peke yake na hakuwa na tegemeo jingine ila yeye. Kijana akawa hajui ashike lipi: aende Uingereza kujiunga na Wafaransa waliokuwa wakiendelea kupigana, au abaki kumtunza mama. Akamwendea mwalimu wake kumwomba shauri. Sartre akamjibu kwamba yuko huru, basi na achague. Aliongeza jambo jingine: kwamba mtu anapochagua wa kumwomba shauri, huwa tayari anajua takriban atakaloambiwa, na kwa hiyo amekwisha kuchagua.

Mara ya kwanza niliposoma habari hiyo niliiona imejaa heshima kwa kijana. Safari hii, nikiwa nimeketi chini ya mkwaju wangu na uji ulioletwa na mtoto mwingine, niliiona kwa jicho lingine. Lile neno la mwisho nadhani ni kweli. Mwanangu alinijia mimi kwa kuwa alijua mwalimu atasema ualimu. Na binti naye alijua hivyo hivyo. Kila mtu pale nyumbani alijua moyo wangu uko wapi. Hata kuku nadhani walijua. Sasa, kama alijua, alikuwa akiuliza nini?

Alikuwa akiuliza sababu. Alitaka nizitandaze hoja zangu kama mtu anavyotandaza mahindi juani, azione, azichambue, azikatae zilizooza. Mimi kwa kunyamaza sikuyaondoa maoni yangu. Yalibaki pale pale, mazito kama zamani, ila yamefunikwa, na neno lililofunikwa halijibiki. Kijana hawezi kubishana na ukimya wa babu yake. Anaweza tu kuukisia, na akiukisia vibaya atadhani ni dharau, au hasira, au kwamba hapendwi.

Hapo nikaona kwamba kumwamulia mtoto na kumnyamazia ni ndugu wa tumbo moja. Anayeamua hampi mtoto nafasi ya kujibu. Anayenyamaza naye hampi cha kujibu. Wote wawili wamejikinga: wa kwanza asibishiwe, na wa pili asilaumiwe. Nilipojichunguza kwa uaminifu niligundua kwamba katika kunyamaza kwangu mlikuwa na woga. Niliogopa kukutana na fundi cherehani wa pili. Nilikuwa nikijilinda mimi, na kuuita woga huo heshima kwa mtoto.

Wanaopenda falsafa hutaja pia Socrates wa Athens, ambaye mama yake alikuwa mkunga, na ambaye mwenyewe alijilinganisha na mkunga: kwamba yeye hazai fikra, bali huwasaidia wenzake kuzaa za kwao. Ni mfano mzuri. Lakini kila aliyepata kukaa nje ya chumba cha kujifungulia anajua kwamba mkunga hanyamazi. Husema pumzika, husema sasa, husema usiogope, na pengine hukaripia. Ila hamwambii mama mtoto awe wa jinsia gani, wala hamchukui mtoto kwenda naye kwake.

Msomaji wa kwetu atanipinga hapa, na ana haki. Atasema: "Mzee, hayo ya kutandaza hoja ni ya huko Athens na Paris. Kwetu usukumani babu akisema 'mimi naona', mjukuu husikia 'fanya'. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Maoni ya mzee ni amri iliyovaa kanzu." Pingamizi hili nililifikiria sana, kwa kuwa ni la kweli. Lakini nikajiuliza: nguvu ya neno la mzee inatoka wapi hasa? Sehemu inatoka katika umri, na hiyo sina namna ya kuivua. Sehemu nyingine, na nadhani ndiyo kubwa, inatoka zizini. Mwenye ng'ombe ndiye mwenye neno. Mtoto anayejua kwamba akikataa shauri atakosa ada hajapewa shauri, amepewa bei.

Basi nilifanya hivi. Nilimwita binti, nikamwita baba yake na mama yake na bibi yake, na mdogo wake baba akaja pia ingawa hakuitwa. Kabla ya kutoa maoni yoyote nilisema mbele yao wote: "Ng'ombe watauzwa. Watauzwa kwa chuo chochote atakachochagua mtoto huyu, na mimi naongeza wangu mmoja. Neno hili halifungamani na maoni yangu. Likifungamana, nyinyi wote ni mashahidi." Baba yake alinitazama kwa mshangao, maana alikuja kwangu kutafuta uamuzi, akapata ahadi.

Pili, nilitaja maslahi yangu. Nilimwambia: "Mjukuu wangu, babu yako anatamani uwe mwalimu. Sehemu ya tamaa hiyo ni kwa ajili yako, na sehemu ni kwa ajili yangu. Nina sanduku la vitabu, na katika watoto na wajukuu wangu wote hakuna aliyeshika chaki. Ninaposema habari za ualimu, punguza kidogo, kama unavyopunguza maneno ya mtu anayeuza baiskeli yake."

Tatu, nilieleza sababu zangu, kisha nikataja mwenyewe yale yaliyo dhidi yangu. Nilisema ualimu ni kazi ambayo matunda yake hayaonekani upesi. Unapanda leo, na baada ya miaka ishirini mtu mzima anakusimamisha njiani, humkumbuki, anakwambia wewe ndiye uliyenifundisha kusoma. Hakuna malipo yanayozidi hayo, nami nilitaka na yeye ayapate. Lakini nikamwambia pia kwamba ualimu wa leo si ule wa mwaka 1972. Sisi tulikuwa tukitoka chuoni tunapangiwa shule moja kwa moja. Siku hizi mhitimu anaomba ajira, anashindana na wenzake wengi, na wako wenye vyeti ambao wamengoja miaka bila kuitwa. Kwa upande wa umeme nilimwambia kwamba tangu Wakala wa Nishati Vijijini, hawa tunaowaita REA, waanze kazi mwaka 2007, nguzo zimefika vijiji ambavyo sisi hatukuota, na kila nyumba inayotaka kuunganishwa inahitaji mtu wa kutandaza nyaya. Lakini cheti peke yake hakitoshi: anayetaka kufanya kazi hiyo kihalali ana leseni ya EWURA ya kutafuta, na ana vifaa vya kununua, na kuna wateja wasiolipa.

Mdogo wake baba akadakia: "Msichana wa kupanda ngazi na koleo mkononi, nani atamtolea ng'ombe?" Bibi yake akajibu hata kabla yangu: "Atawanunua mwenyewe." Watu wakacheka, na shauri lile likaishia hapo.

Mwisho nilimwambia asiniamini mimi wala yeyote aliyeketi pale mpaka akaulize. Akakae na fundi umeme mmoja wa Bariadi siku nzima, aone anaingiza nini na anadaiwa nini. Akamtafute na kijana mwenye cheti cha ualimu ambaye hajaajiriwa, amwulize kama anajuta. Alikwenda na shangazi yake. Nilikuja kusikia kwamba yule mwalimu asiye na ajira, anayeuza mitumba, alimwambia hajuti hata kidogo, na kwamba jioni huwafundisha watoto wa jirani bila malipo. Jibu hilo lilinipa tumaini zaidi ya lilivyopaswa.

Baada ya siku kadhaa aliniletea uji mwenyewe. Akapiga goti, akasalimu, akasema amechagua Malampaka.

Sitakuficha, msomaji, moyo ulinishuka. Nikamwuliza kama naweza kujua sababu. Akasema: "Babu, ni lile neno lako la miaka ishirini. Nimelifikiria sana. Mimi siwezi kungoja hivyo. Nataka kazi inayonijibu siku ile ile. Ukimaliza kufunga nyaya, ukiwasha, inawaka au haiwaki. Kama haiwaki, unatafuta kosa lako mpaka ulione."

Nilikaa kimya, lakini ukimya huu haukuwa kama ule wa kwanza. Hoja niliyoiona kuwa nzuri kuliko zote ndiyo iliyompeleka upande wa pili. Wala hakuielewa vibaya. Aliielewa sawasawa, akajitazama, akaona haimfai. Kama ningenyamaza asingeipata hoja hiyo ya kuikataa. Kama ningeamua angeipata kama mzigo, na pengine baada ya miaka tisa ningesikia habari za fimbo.

Kutokana na hayo nimejifunza jambo ambalo miaka arobaini ya ukuu wa shule haikunifundisha. Sisi wazee hupima shauri letu kwa kuangalia kama limefuatwa. Likifuatwa tunasema mtoto ana adabu. Lisipofuatwa tunasema vijana wa siku hizi hawasikii. Kipimo hicho ni kibovu. Shauri jema ni lile ambalo hata likikataliwa limemsaidia aliyelikataa kujijua. Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kazi ya mzee ni kushika kioo, na kioo kikivunjika kwa hasira ya mzee, mtoto hatajiona.

Isidhaniwe kwamba nasema mzee asikataze kamwe. Yako mambo ya kukataza. Kama binti angetaka kupeleka ng'ombe wa baba yake kwenye chuo cha mfukoni ambacho hakijasajiliwa na NACTVET, ningesimama mlangoni mwa zizi na fimbo yangu. Hilo ni kumkinga na tapeli, na mtoto hana uhuru wowote anaoupoteza kwa kukingwa na tapeli. Lakini mzee ajiulize kwa uaminifu: ninachokizuia ni hatari, au ni kitu ambacho mimi singekipenda? Malampaka haikuwa hatari. Ilikuwa tu si Butimba.

Wala isidhaniwe kwamba njia moja ikichaguliwa nyingine zote hufungwa. Julius Nyerere alisomea ualimu Makerere, akafundisha Tabora, akafundisha Pugu, na mwaka 1955 ilipombidi kuchagua kati ya darasa na siasa, aliliacha darasa. Lakini jina la Mwalimu halikumwacha hadi alipofariki Oktoba 1999, na hadi leo ndilo tunalomwitia. Mtu huweza kutoka katika kazi, kazi isitoke ndani yake. Huenda siku moja mjukuu wangu atakuwa na kijana wa kumfundisha kufunga swichi, naye atapata ile miaka ishirini aliyoikataa. Huenda asipate. Huenda pia kazi ikamshinda, wateja wakamdhulumu, akarudi akaniuliza kwa nini sikumzuia. Siku hiyo nikiwa hai nitamwambia niliyoyaandika hapa, na sitakuwa na uhakika kwamba yatamtosha.

Ng'ombe waliuzwa mnadani, wawili wa baba yake na mmoja wangu. Wangu alikuwa jike mwenye baka jeupe kwenye bega, na sikwenda kuangalia akiuzwa. Binti alipokuwa akijiandaa kuondoka alihitaji sanduku. Nikamwambia achukue lile la bati nililokwenda nalo Butimba mwaka 1971. Akatoa vitabu vyangu kimoja kimoja, akavipanga juu ya mkeka ukutani, akasoma majina ya baadhi yake kwa sauti, kisha akapanga nguo zake, na juu ya nguo akaweka koleo, bisibisi na testa alivyonunuliwa na baba yake Bariadi.

Vitabu bado viko juu ya mkeka. Mke wangu ananikumbusha kila siku nitafute sanduku lingine kabla mchwa hawajaviona.